Ngazi 16 hadi chooni

Usiku wa tatu baada ya kuvunjika kifundo cha mguu, nilipanda ngazi za nyumba yangu kwa makalio, maana chini hatukuwa na choo wala bafu. Nieleze namna yake, maana wapo watakaohitaji. Unaketi kwenye ngazi ya kwanza ukiipa mgongo ghorofa ya juu. Mguu wenye plasta unaunyoosha mbele, mzito kama gogo. Unaweka viganja kwenye ngazi iliyo nyuma yako, unajisukuma kwa mikono na ule mguu mzima, unakuwa umepanda moja. Halafu unayavuta magongo yakufuate. Halafu ya pili. Kwangu ziko 16. Ukifika juu kuna hatua 9 za magongo hadi mlangoni, na nilipoufikia mlango usiku ule, saa nane na dakika kadhaa, nikakuta umefungwa kwa ndani. Mwanangu wa mwisho alikuwamo, anaimba.

"Unatoka saa ngapi?"

"Bado kidogo, baba."

Choo cha pili kiko ndani ya chumba chetu cha kulala, hatua 14 zaidi. Nilizihesabu zote.

Nyumba hii niliipanga mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kukitazama kitu na kuuliza kinakula nini na kinaleta nini. Mchoraji wa ramani alikuwa ametuwekea choo kidogo chini, ubavuni mwa ngazi, upana mita 1 na urefu mita 1.8. Nikapiga hesabu. Ukijumlisha na unene wa kuta zake, karibu mita 2.5 za mraba zilikuwa zinamegwa kutoka sebuleni kwa ajili ya chumba ambacho mtu anakaa dakika tatu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakipiga mstari, pembeni nikaandika "toa".

Mke wangu aliuona ule mstari jioni.

"Baba watoto, mgeni akibanwa utampeleka wapi?"

"Juu kuna vyoo viwili."

"Juu ni kwetu."

Sikumjibu, nilidhani anataka tu kushinda. Fundi bomba naye alijaribu siku chache kabla hatujamwaga sakafu. Alisimama palepale penye mstari mwekundu akaniambia, "Bosi, tukishamwaga zege hapa, siku ukibadili mawazo tutalivunja. Weka hata bomba tupu, tulizibe, tulisahau." Nikamwambia afuate ramani.

Maneno ya mke wangu nilikuja kuyaelewa taratibu, mgeni mmoja baada ya mwingine. Nyumba yenye vyoo juu tu haina mgeni wa sebuleni. Kila anayekaa zaidi ya saa moja atapanda, na akipanda atapita mbele ya vyumba vya watoto, kitanda hakijatandikwa, kapu la nguo chafu limefurika kwenye korido, na soksi moja iko sakafuni katikati ya njia kana kwamba imewekwa makusudi. Mgeni akiulizia choo, mke wangu alikuwa anasema "ngoja kidogo", anakimbia juu kabla yake kufunga milango. Tulikuwa tunasikia milango ikifungwa, mmoja, wa pili, wa tatu, na mgeni amesimama chini ya ngazi anaangalia picha ukutani. Aibu ilikuwa ya pande zote mbili. Mafundi waliokuja kurekebisha umeme, walimu wa watoto, mtu aliyekuja kupima madirisha, wote walikatiza katikati ya maisha yetu.

Hilo ningeweza kuvumilia. Lililonishinda ni la glasi ya maji.

Mama yangu akija kwetu hukaa kiti kilekile, karibu na dirisha. Tunamwekea maji kwenye kimeza pembeni yake. Kwa muda mrefu nilikuwa naona ile glasi inaondolewa ikiwa imejaa kama ilivyoletwa, na chini yake duara la unyevu juu ya mbao. Anashika glasi, anailamba kidogo ukingoni, anairudisha. Nilidhani wazee ndivyo walivyo, kiu inapungua. Kweli inapungua, mwili wa mtu mzee hauhisi upungufu wa maji upesi kama wa kijana, na ndiyo maana husisitizwa wanywe hata wasipojisikia kiu. Kwa hiyo nilikuwa na maelezo, na mtu mwenye maelezo haulizi.

Dada yangu ndiye aliyenieleza, kwa simu, wakati tunazungumzia jambo jingine kabisa.

"Kwani hujui? Mama akija kwako hanywi kitu tangu asubuhi. Anaogopa zile ngazi."

Nilinyamaza hadi akauliza kama simu imekatika. Magoti ya mama hayafai. Anaweza kutembea vizuri tu kwenye tambarare, lakini kupanda ngazi 16 na kushuka ngazi 16 kwa ajili ya haja ndogo, na mkwewe nyuma yake amemshikilia kiunoni asianguke, hilo alikuwa amelikataa kimyakimya, akachagua kukauka. Na kila alipoondoka mapema nilikuwa nasema, mama siku hizi hapendi kukaa.

Kifundo cha mguu kilivunjika miezi mitano baadaye. Niliteleza nje ya geti, si jambo la kusimulia. Nilifungwa plasta wiki sita, nikahamishiwa sebuleni, kwenye kochi, katika zile mita 2.5 nilizoziokoa. Mtu mzima mwenye afya huenda haja ndogo mara 6 au 7 kwa siku. Mara 7 kwa ngazi 16, kwenda na kurudi, ni ngazi 224. Wiki ya pili tukaanza kutumia ndoo yenye kifuniko nyuma ya pazia, na hapo sitaki kuendelea, ila niseme tu kwamba mtu akikuondolea ndoo yako kila asubuhi bila kusema neno, unapitia upya kila kitu ulichowahi kumwandikia "toa".

Kwa hiyo, je, nyumba inahitaji bafu chini? Jibu langu ni kwamba watu wanauliza mambo mawili kwa pamoja. Bafu kamili, la kuogea, si lazima liwe chini siku ya kwanza. Kuoga kunasubiri, mgonjwa anaweza kufutwa kwa kitambaa na maji ya moto kitandani, mgeni wa mchana haogi. Choo hakisubiri. Choo cha kukaa na sinki la kunawia mikono, basi, hicho ndicho nasema kila nyumba yenye ghorofa inakihitaji chini. Hata ungekuwa kijana na familia yako yote mnakimbia. Mifupa huvunjika kwa vijana pia, mjamzito wa miezi minane ana kibofu kilichobanwa, mtoto anayefundishwa kuacha nepi ana sekunde 20 tangu aseme "mama!" hadi iwe imetoka.

Wengine waliliona hili zamani. Kule Atlanta, Marekani, katika miaka ya 1980, Eleanor Smith, mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu, alianzisha harakati ya kudai kwamba nyumba mpya, hata za watu wasio na ulemavu wowote, zijengwe ziweze kutembelewa. Madai yake yalikuwa machache kiasi cha kushangaza: mlango mmoja wa kuingilia usio na ngazi, milango ya ndani yenye upana wa kutosha kiti kupita, na choo ghorofa ya chini. Hakudai nyumba nzima ibadilishwe. Alitaka mtu aweze kuingia, akae na wenzake, ajisaidie, arudi kukaa. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona mama yangu na glasi yake. England na Wales zililiingiza jambo hili kwenye kanuni za ujenzi mwaka 1999: nyumba mpya iwe na choo kwenye ghorofa ya mlango wa kuingilia. Wapo watakaosema serikali isiwapangie watu vyoo. Mimi nilijipangia mwenyewe, na mmeona.

Sasa kuhusu kukiweka baada ya nyumba kukamilika. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hela na vumbi vilipoishia.

Sehemu pekee iliyobaki ilikuwa stoo ya chini ya ngazi, penye masanduku ya safari na makopo ya rangi iliyokauka. Nilimpigia fundi bomba yuleyule. Alikuja, akaangalia, akawa na adabu ya kutocheka. Jambo la kwanza alilopima halikuwa stoo. Alitoka nje akafunua chemba ya maji taka na kuteremsha futi ndani kuona bomba linaingia kwenye kina gani. Nilikuwa nadhani shida ya choo ni nafasi. Shida ya choo ni mteremko. Bomba la choo lina kipenyo cha milimita 100, na mteremko unaofuatwa sana ni 1 kwa 40, yaani kila mita 1 ya bomba ishuke sentimeta 2.5. Ukipungua sana, maji yanapita na uchafu unalala njiani. Kutoka stoo hadi chemba ni mita 6. Mita 6 zinataka mshuko wa sentimeta 15, na juu ya hapo bomba lianze likiwa tayari limefukiwa chini ya sakafu. Chemba yetu ilikuwa na kina cha kutosha, kwa bahati tu. Ingekuwa ya juu zaidi tungelazimika kuinua sakafu ya choo, na choo chenye ngazi mbili za kuingilia kwa ajili ya mtu asiyeweza ngazi ni kichekesho.

Kulikuwa na njia nyingine, choo chenye pampu ya umeme inayosaga na kusukuma uchafu kupitia bomba jembamba, hata kwenda juu. Huvunji sakafu. Nilivutiwa sana, maana ilikuwa rahisi kwenye karatasi. Fundi akaniuliza, "Na umeme ukikatika, bosi?" Isitoshe, mgeni mmoja akitupia kitambaa cha kufutia mtoto, pampu imekwama. Kwa aliyefungwa na zege pande zote inaweza kuwa ndiyo njia pekee, lakini ukiweza kuviachia vitu vishuke vyenyewe, viache vishuke.

Tukavunja. Siku tatu za mashine ya kukatia zege ndani ya nyumba inayokaliwa. Mtaro wa upana wa sentimeta 40 ulipita ukingoni mwa sebule kuelekea ukuta wa nje, na tulipofukia, vigae vya aina ile havikupatikana tena. Vilivyopatikana vinakaribiana rangi, lakini usiku, taa ikiwaka pembeni, unaona wazi mstari mrefu sebuleni kama kovu la upasuaji. Mke wangu alikataa nisiweke zulia juu yake. Anasema unapendeza.

Stoo ya chini ya ngazi ina dari inayoinama. Kwetu mlangoni ni mita 2.05, ukutani nyuma mita 1.2. Akili ya kwanza inasema bakuli la choo likae nyuma kabisa, penye dari fupi, kwa kuwa mtu ameketi. Fundi aliweka kiti cha plastiki pale nyuma akaniambia, "Keti." Nikaketi, vizuri tu. "Simama." Nikagonga kichwa nikaona nyota. Mtu hasimami wima kwenda juu. Anainamisha kiwiliwili mbele kwanza, kichwa kinachora upinde, na ndipo anapanda. Tukasogeza kiti mbele sentimeta 20, nikajaribu tena, na tena, hadi nikaweza kuinuka kizembe, kama mtu mwenye usingizi. Hapo ndipo bakuli lilipowekwa. Kanuni zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinataka angalau sentimeta 38 kutoka katikati ya bakuli hadi ukuta wa pembeni, na 53 mbele yake. Sisi tulipata 40 na 60.

Mlango unafunguka kwa nje. Hili nililipigania, na sababu yake ni mbaya kidogo: mtu akiishiwa nguvu chooni huangukia mlango, na mlango wa kufunguka ndani unazuiwa na mwili wake. Fundi seremala alileta fremu ya sentimeta 60, maana "vyoo vyote ni 60". Tukairudisha, tukaweka 80, magongo yanapita bila kukwaruza. Na mlango tuliuelekeza kwenye korido, si sebuleni. Choo cha chini kinachofungukia meza ya chakula ni kosa ambalo hakuna feni ya kuvuta hewa itakayolisahihisha.

Harufu, ambayo ndiyo ilikuwa hoja yangu kubwa nikiwa na kalamu nyekundu, haijawahi kuwa tatizo isipokuwa mara moja. Tulisafiri wiki kadhaa, tukarudi nyumba inanuka kama shimo. Kumbe ni tundu la maji sakafuni. Chini ya kila sinki, kila choo, kila tundu la sakafu kuna shingo iliyopinda inayobaki na maji, na yale maji, kina chake sentimeta 5 hivi, ndiyo kizibo pekee kati ya pua yako na shimo. Mtengeneza saa Alexander Cumming alipata hataza, yaani hati ya haki ya ubunifu, ya choo chenye shingo ya namna hiyo mwaka 1775, na mpaka leo hakuna aliyebuni kitu rahisi kuliko maji yaliyosimama. Yakikauka, basi, mlango uko wazi. Nilimimina jagi moja la maji, ndani ya saa moja harufu ikaanza kupotea. Tundu ambalo halitumiki humiminiwa kila Jumamosi, ni kazi ya mwanangu anayeimba.

Hoja ya kweli dhidi ya choo cha chini ni nyingine, na nashangaa wapinzani hawaitaji. Njia ya maji taka ikiziba, uchafu wa nyumba nzima hutafuta tundu la chini kabisa kutokea, na tundu hilo litakuwa lako jipya. Watu wa juu wanavuta maji, yanaibuka chini. Ndiyo maana fundi alikataa kuunganisha bomba jipya na lile la wima linaloshuka kutoka ghorofani, akalipeleka peke yake hadi chemba. Akahakikisha pia kifuniko cha chemba kiko chini kuliko sakafu ya choo, ili siku njia ya mbele ikiziba yafurike uani na si sebuleni. Mahali ambapo chemba iko juu ya sakafu, wanaweka vali isiyoruhusu maji kurudi.

Mama alikuja Jumapili ya kwanza. Sikumwambia kitu, mke wangu pia. Alikaa kiti chake, akaletewa maji, akayaangalia. Wajukuu ndio walioshindwa kunyamaza wakamvuta mkono wamwonyeshe. Aliingia, akafunga mlango. Sote tukajifanya tunaangalia runinga. Tulisikia maji yakivutwa, bomba likafunguliwa likafungwa, halafu kimya kirefu kidogo kuliko tulivyotarajia. Akatoka anajifuta mikono.

"Pazuri, mwanangu. Lakini mtu anainuka kwa kushika nini?"

Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa hicho. Mimi nilijaribu kile kiti cha plastiki kwa magoti yangu. Kesho yake nikanunua bomba la kushikilia la chuma kisichopata kutu, nikalifunga sentimeta 85 kutoka sakafuni, kwa skrubu ndefu zilizoingia kwenye tofali lenyewe maana plasta ya ukuta peke yake haishiki uzito wa mtu. Alipokuja tena alilitikisa kwa mikono miwili kama anayeng'oa mti, halikusogea, akarudi kwenye kiti chake na kuuliza kama kuna maji ya baridi zaidi.

Kuhusu bafu la kuogea tungali tunabishana. Mke wangu analitaka, mimi nasema bado. Ila safari hii sakafu ilipokuwa imevunjwa tuliweka bomba la pili la kutolea maji, la milimita 50, tukaliziba kwa kifuniko na kulifunika kigae, na mabomba mawili ya maji yamefichwa ukutani nayo yamezibwa. Upande wa ndani wa mlango wa ile stoo, kwa penseli, mke wangu ameandika vipimo vya mahali lilipofichwa lile bomba la sakafuni: 42 kutoka ukuta wa kushoto, 30 kutoka kizingiti. Chini yake ameandika kwa herufi kubwa, USIPAKE RANGI HAPA, na chini ya hapo, kwa kalamu nyekundu, "weka".